Mlio wa mita umeniaibisha: pima atomaiza ya vepu hivi kabla hujamwambia mteja "imekufa"

fundi_msimbazi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kipo Kariakoo. Vepu, hizi sigara za umeme, sikuzisomea na wala sivuti, ila zimeanza kuja zenyewe mezani. Mtu analeta simu ibadilishwe kioo, halafu anachomoa kidude mfukoni: "Na hii nayo fundi, haivutiki." Ukitengeneza moja tu, mtaa mzima umeshajua.

Mwezi uliopita kijana kaniletea tangi la kujaza, lile ambalo koili (waya unaochemsha maji ya vepu yawe moshi) unazungusha mwenyewe. Akilifunga kwenye kifaa, kioo kinaandika "Atomizer Short". Nikatoa mita, nikaiweka kwenye alama ya mlio, ncha moja kwenye pini ya katikati (chanya), nyingine kwenye bodi, yaani chuma cha nje (hasi). Piiiii! Nikamwambia kaka, hii imepiga shoti, hapa hakuna kitu, kanunue nyingine. Akanunua. Wiki ya pili akapita kibandani na lile lile nililolizika, linafuka kama tanuri la mkaa. Fundi mwenzangu wa mtaa wa nyuma alilifungua, akaona mguu wa koili umekatwa mrefu unagusa ukuta, akaufupisha, basi. Kijana hakunitukana. Alinitazama tu, na hilo ndilo lililoniuma.

Usiku ule nikapima kila atomaiza (ndiyo hilo tangi na koili yake) niliyo nayo droo, nzima kwa mbovu. ZOTE ZINALIA. Ukifikiri kidogo utaona ni lazima zilie. Mita zetu hizi za njano zinapiga mlio kwa chochote chenye ukinzani mdogo, nyingine hata ukifika omu 50 bado zinalia. Koili ya vepu ni omu 0.2, 0.5, mara chache inazidi 2. Kwa hiyo koili nzima na shoti kamili, kwa sikio, ni wimbo mmoja. Mlio ule wa siku ile ungetokea hata kama tangi lingekuwa zima kabisa!

Sasa nafanya hivi. Kwanza atomaiza inatoka kwenye kifaa, usipime ikiwa imefungwa humo, utakuwa unapima na sakiti ya kifaa chenyewe. Namwaga maji yake, na hapo navaa glavu kwa sababu nikotini inapita kwenye ngozi. Kisha, na hapa ndipo wengi tunaruka, natoa koili na pamba. Kama ni koili ya kiwandani iliyofungwa kwenye kichupa chake, naifungua yote, linabaki kalio tupu, yaani kitako kinachoshika koili. Mita kwenye 200 upande wa omu, ncha kwenye pini na ncha kwenye bodi. Hapo lazima kioo kiandike ile "1" ya peke yake kushoto, maana yake hakuna njia ya umeme. Ikitokea namba yoyote wakati koili haipo, ubovu uko kwenye kalio: pete ya plastiki inayotenganisha chanya na hasi imeyeyuka, au nguzo ya chanya imezunguka ikagusa bodi. Ikiandika "1", kalio halina hatia. Rudisha koili, pima tena. Namba ikija karibu na sifuri, mguu unagusa mahali. Ikibaki "1" na koili imo, kuna skurubu haijabana au pini imezama.

Karibuni mnisahihishe.

---

mpwani_kamili

Na mimi nauliza tu, si mngeacha kuvuta mkapumzisha mapafu na mita pia?

---

fundi_msimbazi

Mkuu nimesema sivuti. Mwenye kiwanda cha jeneza hajafa bado.

---

kijana_wa_luthuli

Fundi hiyo ya kutoa koili kwanza iko sawa. Mimi niko Nairobi, duka letu la spea liko Luthuli Avenue, na wateja wakileta "Check Atomizer", yaani kifaa hakioni koili, karibu kila mara shida ni pini. Mtu anakaza tangi kwenye kifaa kama anafunga gurudumu la lori. Pini ya kifaa iko juu ya springi, inasukumwa chini. Siku akiweka tangi lingine lenye pini fupi, hazigusani. Analaani tangi, kumbe tangi la kwanza ndilo lililoharibu. Kaza mpaka liguse, ongeza kidogo sana, wacha.

Lakini niongeze kitu. Mita ya bei ya chini kwenye 200 inaonyesha tarakimu moja tu baada ya nukta. Gusanisha zile nyaya zake zenyewe uone: utasoma 0.3 au 0.4 na hujapima chochote! Ukipima koili ya 0.4 utaona 0.8, na ukitoa 0.4 ya nyaya unabaki na 0.4, lakini hiyo tarakimu ya mwisho nayo inacheza. Inaweza kuwa 0.2, inaweza kuwa 0.6. Kwa betri ya volti 4.2, omu 0.2 ni ampea 21 na omu 0.6 ni ampea 7. Hizo si ndugu.

---

chuma_mbichi

Mnajichosha wakuu. Mimi sina mita. Nachukua betri ya laptop iliyotolewa kwenye pakiti yake, nagusisha koili na vipande viwili vya waya. Ikiwaka nyekundu ni nzima, isipowaka ni mbovu. Sekunde moja.

---

mzee_wa_ngamiani

Wewe chuma_mbichi, unacheza na moto wa kweli.

Ukigusisha betri kwenye koili ambayo hujui kama ina shoti, hupimi koili, unaipima betri kama itavumilia. Seli za laptop nyingi zimetengenezwa kutoa ampea 4 au 5. Ukiipa shoti itatoa mara kadhaa ya hapo, na ukiwa umeitoa kwenye pakiti umeiacha pia sakiti yake ya ulinzi huko huko. Itapata joto ndani, itatema gesi, na gesi ile inawaka. Hicho kifaa chenye kioo mnachokilaumu kwa kuandika "Short" kinakusaidia: kinapima kabla ya kufyatua, kikiona ukinzani mdogo kinagoma. Vile vya bomba tupu, visivyo na sakiti, havigomi. Mwenye bomba ndiye anayepaswa kupima kuliko wote.

Haya, kijana wa Luthuli amesema kweli juu ya mita. Ila mita hiyo hiyo ya bei ya chini inaweza kupima hadi sehemu moja ya elfu ya omu ukiiuliza swali jingine. Usiiulize omu, iulize milivolti.

Tafuta risista 2 za omu 100, za nusu wati. Ziunganishe sambamba, upate omu 50. Kata waya wa chaja ya simu iliyokufa kichwa, ile ya volti 5. Chanya ipite kwenye risista, itoke kwenda klipu ya mamba. Hasi iende klipu ya pili. Ukibana klipu kwenye pini na bodi ya atomaiza, utapitisha karibu miliampea 100. Hazichomi kitu, koili itabaki baridi kama maji ya mtungi. Ipime hiyo miliampea mara moja kwa mita, iandike kwenye karatasi, tuseme 99.

Sasa mita iweke kwenye 200m ya volti za betri. Ncha zake ziguse pini na bodi, zisiguse klipu, ziguse chuma chenyewe. Ukisoma milivolti 39.6, gawa kwa 99, ni omu 0.4 kamili. Ukinzani wa nyaya za mita hauingii, kwa sababu ndani ya nyaya hizo umeme karibu haupiti. Njia hii ni ya zamani, inabeba jina la Kelvin, na tuliitumia kupima viungo vya nyaya nene kabla ninyi hamjazaliwa.

---

fundi_msimbazi

Shikamoo mzee. Hii nimeipiga picha kabisa.

---

mzee_wa_ngamiani

Marahaba. Picha haitoshi, ijenge.

---

binti_likoni

Fundi na mzee shukrani kwa darsa. Nina kesi, nisaidieni.

Tangi langu ni la koili mbili. Nimezungusha waya wa Kanthal wa milimita 0.40, mizunguko 6 kila koili, juu ya kijiti cha milimita 3. Kifaa kinasoma 0.85, mara nyingine kinaruka kinaandika "Check Atomizer", nikilitikisa kinarudi 0.85. Moshi upo lakini mdogo na una ladha ya kuungua upande mmoja. Nimetoa koili kama fundi alivyosema, kalio linaandika "1", safi. Kwa hiyo si shoti. Ni nini?

---

kijana_wa_luthuli

Dada hiyo 0.85 imekuambia kila kitu. Piga hesabu. Kanthal ya milimita 0.40 ina omu kama 11.5 kwa mita moja. Mzunguko mmoja juu ya kijiti cha 3 unakula waya wa milimita 10.7 hivi, mara 6 ni 64, ongeza miguu, uko kwenye sentimita 7.4. Hiyo ni omu 0.85 kwa koili MOJA. Mbili zikiwa sambamba inapaswa iwe nusu, 0.42 au 0.43. Kifaa chako kinaona koili moja, ya pili imekaa tu kama mgeni wa harusi. Fungua utazame pamba: ya upande mmoja itakuwa bado nyeupe.

---

binti_likoni

Wallahi pamba ya kushoto ni nyeupe pe! Umeionaje kutoka Nairobi?

---

kijana_wa_luthuli

Hesabu haina nauli.

Angalia mguu wa koili hiyo pale chini ya skurubu. Ukikaza sana skurubu yenye ncha kali, inaukata waya, unabaki umeshikiliwa na uzi. Ndiyo maana ukitikisa inakuja na kuondoka.

---

kibarua_dubai

Nimeuona uzi huu nikiwa kazini, nauza hizi bidhaa Deira. Huku kwetu Imarati uuzaji umeruhusiwa tangu 2019, kwa hiyo kwa siku napima nyingi. Kitu ambacho hamjakitaja: aina ya waya.

Juzi mteja, Mswahili mwenzetu, alirudi amekasirika. Anasema koili yake asubuhi ni 0.40, akivuta kidogo inakuwa 0.47, kwa hiyo ina ubovu. Nikamuuliza waya gani. Chuma cha pua, 316L. Nikamwambia kaka, haina ugonjwa. Waya huo ukinzani wake unapanda ukipata joto, na vifaa vyenye kudhibiti joto vinatumia jambo hilo hilo kujua nyuzi ngapi zimefikiwa. Kutoka 0.40 hadi 0.47 ni kama nyuzi 190 au 200 juu ya joto la kawaida, ndivyo inavyotakiwa. Nikeli tupu inapanda zaidi, inaweza kuongezeka maradufu. Kanthal ndiyo isiyojali, imechanganywa chuma, kromu na alumini, ikiwaka nyekundu hata asilimia 5 haiongezi. Kwa hiyo Kanthal ikibadilika kutoka 0.40 hadi 0.47, hapo tafuta skurubu iliyolegea. Namba zile zile, waya tofauti, hukumu tofauti.

Na pimeni ikiwa imepoa. Mtu anavuta, anatoa tangi hapo hapo, analeta kwa fundi, fundi anasoma uongo.

---

mtu_wa_kampala

Kwa wasafiri: ukivuka kuja Uganda usibebe vepu, ya kuuza wala ya begani. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2015 imepiga marufuku kuziingiza na kuziuza. Oman pia uuzaji hauruhusiwi, kuna jamaa yangu alinyang'anywa Muscat. Kupima mpimie Dar na Mombasa huko huko.

---

mkazi_leicester

Mie swali la wajinga, samahanini. Huku Uingereza zile za kutupa zimepigwa marufuku kuuzwa tangu tarehe 1 Juni 2025, tumehamia zile za kubadilisha kidonge, yaani kichupa chenye maji na koili ndani. Zangu hazina hiyo pini ya katikati wala skurubu, zina vitufe viwili vya dhahabu chini. Zinapimwaje?

---

fundi_msimbazi

Si swali la wajinga mkuu, hizo ndizo nyingi mezani kwangu sasa. Vile vitufe viwili ndivyo chanya na hasi. Koili imefungwa ndani, mara nyingi omu 0.6 hadi 1.2, huwezi kuitoa, kwa hiyo kipimo cha "bila koili" hakipo. Pima namba tu, ilinganishe na iliyoandikwa kwenye kidonge. Ila kabla ya mita chukua pamba ya masikio, futa vile vitufe na vile vya ndani ya kifaa. Maji yanavuja kidogo, yanaganda pale, na sumaku za kidonge zinavuta vumbi la chuma. Nusu ya "mbovu" zinapona kwa kufuta. Na nusu nyingine kidonge kinatupwa, hakuna ufundi hapo.

---

chuma_mbichi

Mzee nimekusikia. Nimenunua mita. Ila kuna kitu kimenichanganya: kalio halina koili, kwenye 200 linaandika "1" kama mlivyosema, lakini kwenye 2000k linaandika namba, kama 40 hivi. Si mlisema isiandike kitu?

---

mzee_wa_ngamiani

Umefanya vizuri kupanda hadi 2000k, fundi hakulisema hilo. Omu elfu 40 haziwezi kufanya kifaa kigome, kifaa hakizioni kabisa. Lakini zinakuambia kuna njia inaanza kujengwa. Maji ya vepu yenyewe hayapitishi umeme wa maana. Kinachopitisha ni masizi: maji yakiungua mara nyingi yanaacha weusi juu ya pete ya plastiki, na kaboni inapitisha. Osha kwa spiriti, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha, pima tena. Namba ikipotea, ulikuwa uchafu. Ikibaki, plastiki yenyewe imeungua, weka mpya.

Na usishike ncha zote mbili kwa vidole ukipima huko juu. Utajipima mwenyewe.

---

chuma_mbichi

😂 Ya mwisho imenikuta. Nimeosha, sasa "1" hata kwenye 2000k.

---

binti_likoni

Narudi na majibu. Mguu ulikuwa umekatwa na skurubu kweli. Nimezungusha koili mpya zote mbili, nikatengeneza na kile kitu cha mzee, risista mbili nimepata kwa fundi redio hapa Likoni, chaja nilikuwa nayo. Umeme wangu ni miliampea 101.

Ncha kwenye pini na bodi: milivolti 60.6. Hiyo ni omu 0.60. Nikashangaa, nilitarajia 0.43. Pamba bado sijaweka, koili zote mbili nimezikaza. Nikahamisha ncha nikagusa miguu ya koili yenyewe, klipu nimeziacha palepale: milivolti 44.4. Hiyo ni 0.44. Sasa ipi ya kweli?

---

mzee_wa_ngamiani

Zote mbili ni za kweli, mwanangu, na hiki ndicho kipimo nilichokuwa nakisubiri mtu akifanye. Koili yako ni 0.44. Zile 0.16 zilizozidi ziko njiani, kati ya pini na koili. Kifaa hakijui tofauti, kinasoma 0.60 na kuridhika. Ukikiweka wati 40, ampea kama 8 zitapita, na karibu wati 11 kati ya hizo 40 zitachemsha kiungo badala ya koili. Wati 11 mahali padogo kama punje ya mahindi, ndani ya chuma, zimezungukwa na plastiki. Hata ile plastiki nzuri iitwayo PEEK inayeyuka kwenye nyuzi 343, na za bei ya chini hazifiki huko. Hivi ndivyo pete zinavyoyeyuka, na hivi ndivyo kiungo kilicholegea leo kinavyokuwa shoti ya mwezi ujao.

Sasa itafute. Acha klipu, ncha moja iweke kwenye pini chini, nyingine kwenye nguzo ya chanya juu ndani ya tangi. Usome. Kisha bodi na nguzo ya hasi.

---

binti_likoni

Bodi na nguzo ya hasi: 0.4 milivolti, si kitu. Pini na nguzo ya chanya: 15.8!

---

fundi_msimbazi

Hapo hapo dada. Ile pini ya chini ni skurubu inayoingia ndani ya nguzo ya chanya. Imelegea. Ishike nguzo juu isizunguke, maana ikizunguka utagusisha chanya na bodi utengeneze shoti ambayo haikuwepo, kisha kaza pini kwa bisibisi ndogo. Ikiwa ina kutu ya kijani itoe kabisa, sugua nyuzi zake, rudisha. Ukimaliza rudia kipimo cha kwanza kabisa: pini na bodi, koili nje.

Mimi yule kijana wangu wa tangi, nadhani hata huo mguu mrefu nisingeuona kwa haraka niliyokuwa nayo.

---

binti_likoni

Ilikuwa na kutu ya kijani. Nimesugua, nimekaza. Koili nje: "1" kwenye 200, "1" kwenye 2000k. Koili ndani, pini na bodi: milivolti 45.3, yaani 0.45. Kifaa nacho kinasoma 0.45, nimetikisa mpaka mkono umechoka, hakiruki.

Naweka pamba sasa.